Kapsuli za Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Machi 1992. Koboko
Baba yake Rosa Kiden amekubali kunipima. Jumamosi niende Dranya nikalime shamba lake, wajomba wakitazama. Nikishindwa, Rosa ataolewa na Drani wa Lobule, mtu wa jembe tangu utoto. Mimi nauza vitenge vya Arua. Nimefanya mazoezi nyuma ya nyumba. Jembe limekosa udongo, limepata mguu.

Jumanne, 3 Machi
Maumivu makali. Nimemeza panadoli mbili. Baada ya muda, kimya. Nimepona. Sijui watu huenda hospitali kufanya nini.

Jumatano, 4 Machi
Mguu umevimba. Usaha. Homa. Nimechechemea hadi kwa Mama Santina, muuguzi mwenye duka la dawa. Alisema panadoli hutuliza maumivu na homa tu, vijidudu vinabaki na kazi yao. Za kuua vijidudu ni hizi antibiotiki, kapsuli za rangi mbili: moja mara nne kwa siku, siku tano, nizimalize hata nikijiona mzima. Tena si za kichwa wala mgongo. Akataka nirudie maelezo yake. Nimerudia vizuri sana.

Ijumaa, 6 Machi
Uvimbe umeshuka. Kwa nini nimalize dawa nzuri bure? Zilizobaki nimezifunga kwenye karatasi. Zawadi ya baba mkwe, ambaye kila siku analalamika mgongo. Drani atapeleka nini? Mihogo.

Jumamosi, 7 Machi. Dranya
Mzee amepokea kapsuli kwa mikono miwili. Nimelima mistari mitatu. Saa tano mguu ukaanza kudunda, usaha ukapenya suruali. Mzee akauliza ni nini. Nikasema jasho. Drani, aliyepita eti kusalimia tu, alimaliza shamba, kisha akanirudisha Koboko kwa baiskeli yake. Njia nzima alipiga mluzi. Nimeumia moyo kuliko mguu.

Jumanne, 10 Machi. Koboko
Mama Santina amenipa dozi mpya na maneno mengi. Jioni alikuja Rosa. Alisema baba yake amemeza kapsuli zote, mgongo uko vile vile, na sasa anaharisha. Drani alimpa panadoli mbili tu, mzee akalala vizuri. Hata hivyo Rosa amemlilia baba yake, nami nimepewa Jumamosi moja ya mwisho. Mguu lazima upone.

Nimefikiri sana, nikaliona kosa langu. Kapsuli za mzee zilikuwa chache. Leo nimemeza mbili. Mbili nimemwekea.