Damu ya Wakimbiaji wa Cheyo

Jumatatu, 10 Juni 1974

Asubuhi ya huzuni. Mgongo unauma, chai haina sukari, na Josepha kasifiwa tena mkutanoni.

Nieleze vizuri, ili shajara hii ikisomwa baada ya kifo changu watu wajue nilivyoonewa. Mimi Hilali, karani wa ghala la tumbaku, ndiye kocha wa wakimbiaji wanawake wa tawi letu la chama, Cheyo, hapa Tabora. Josepha, mjane mwenye sauti kubwa, anafundisha wasichana wa tufe na mkuki. Siku ya Saba Saba matawi yatashindana uwanjani, na kocha atakayefanya vizuri kuliko wote atakwenda na mchezaji wake Dar es Salaam. Kocha mmoja tu! Mwenyekiti wa tawi, Masolwa, alilisema hilo huku akimtazama Josepha.

Tegemeo langu ni Tufaha, binti wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu anatambaa. Akikimbia, watu hushuka baiskeli kumtazama. Siri ya mbio zake ni mimi. Babu yangu alifuata misafara hadi Ujiji, na wapagazi wake wa Kinyamwezi walikwenda miezi mizima bila kulalamika. Ndiyo maana nawakimbiza wasichana kwenye njia ileile ya misafara, Cheyo hadi Kwihara na kurudi, alfajiri na jioni, peku. Viatu humlegeza mtu.

Leo Tufaha kabaki nyuma. Kakaa chini njiani, akasema mjomba, miguu mizito. Nikamwambia uzito uko kichwani. Akainuka, akaendelea.

Ijumaa, 14 Juni

Balaa. Bertila, muuguzi wa zahanati, kaja uwanjani kupima wachezaji wote. Anashusha kope ya chini, anatazama wekundu, kisha anachoma kidole. Wasichana wa Josepha wote wazima. Wangu wote weupe machoni! Tufaha ndiye mbaya kuliko wote. Bertila akaniuliza mbele ya watu kama nawafundisha au nawachinja.

Kisha akatoa somo. Eti anayekimbia mwendo mrefu kwenye ardhi ngumu, nyayo zikigonga na kugonga, damu huvunjika humo nyayoni. Jasho nalo huondoka na madini ya chuma. Wanawake tena wana siku zao. Na mwaka huu wa ukame chakula chenyewe ni unga wa njano wa msaada na mlenda. Wale wa Josepha hunyanyua, hurusha, hupumzika. Chuma chao hakipotei namna hiyo. Akaniagiza nipunguze mbio, niingize mazoezi ya kunyanyua. Tufaha ale maini, anywe vidonge vya chuma, asinywe chai pamoja na dawa wala chakula. Akiendelea hivi, kasema, moyo wake utashindwa.

Josepha alitabasamu. Nilimwona!

Jumatatu, 17 Juni

Nimepata dawa! Kunyanyua kunatunza damu. Kukimbia kunaleta ushindi. Basi wakimbie huku wamebeba mawe. Ajabu Bertila na usomi wake wote hakuliona hilo.

Leo wamekwenda Kwihara na vikapu vya mawe mgongoni. Ngollo, binti wa fundi baiskeli, kaangusha jiwe lake kwenye kidole changu cha mguu. Nadhani ni makusudi. Tufaha katapika karibu na Kwihara. Naliandika kama maendeleo, maana alitapika akiwa mbele ya wenzake.

Vidonge nilivijaribu kwanza mimi, kama kiongozi. Choo kikatoka cheusi tititi! Nikajilaza, nikamwita mke wangu Zeyana nimpe wosia. Akacheka hadi akakaa chini. Eti vidonge hivyo ndivyo vilivyo, Bertila alimwambia kila mtu, ila mimi sikuwa nasikiliza. Tufaha namnywesha vyake kwa chai ya rangi, kali. Dawa kushushwa na maji matupu nyumbani kwangu? Majirani watasema tumefilisika.

Alhamisi, 20 Juni

Siku ya maini. Nimesukumana bucha tangu kabla hapajakucha, nikatoka na kipande kizuri ndani ya kikapu, damu ikinidondokea kanzuni. Zeyana kayakaanga kwa vitunguu. Harufu ilijaa ua mzima. Tufaha kakaa mkekani, mikono keshanawa.

Hodi! Mwenyekiti Masolwa.

Ningefanyaje? Maini ni ya baba mwenye nyumba na mgeni wake. Ndivyo tulivyolelewa, kwetu na kwa wenzetu Wanyamwezi. Mgeni kamwe hanusishwi harufu akanyimwa sahani. Zeyana akanitazama. Nikamwambia alete. Masolwa alikula kwa moyo mkunjufu, nami nikala naye asijisikie mpweke. Tufaha akachovya ugali kwenye mchuzi uliobaki. Akashukuru, mtoto yule.

Baadaye Zeyana kasema Bertila hakumwandikia Masolwa maini. Nikamjibu kwamba heshima nayo ni damu. Sentensi nzuri sana. Hakuisifu.

Jumatatu, 24 Juni

Nimefikiri sana. Damu haipotei hivihivi. Wangu hawana, wa Josepha wanayo tele. Imekwenda wapi?

Leo nimesimama dukani kwa Popatlal, mahali ambapo neno likiingia kwa kununua kibiriti linatoka limezunguka mji. Nikauliza kwa sauti ya chini kama wamesikia habari za mumiani, wale wanyonya damu za watu. Sikumtaja mtu. Niligeuza tu macho upande wa nyumba ya Josepha, nikapumua. Popatlal akaacha kufunga sukari guru.

Nimerudi nyumbani mwepesi.

Ijumaa, 28 Juni

Nimekwisha.

Cheyo nzima imekaa na kufikiri, na imefikiri vibaya. Wasichana wasio na damu ni wa nani? Wa Hilali. Nani anawatoa gizani na kuwapeleka njia isiyo na watu? Hilali. Nani alionekana amebeba kikapu kinachovuja damu, na kanzu ina damu? Hilali! Popatlal kanipa sabuni kupitia dirisha, akafunga. Watoto wakiniona wanakimbia kuliko wakimbiaji wangu. Baba yake Ngollo kaja na fimbo kumchukua binti yake. Mama za wengine wamefuata, wote, mmoja baada ya mwingine.

Josepha kasimama katikati ya barabara, akawatangazia watu kwa sauti yake ile kwamba Hilali si mumiani, Hilali ni mjinga tu, warudi majumbani mwao. Wakarudi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Aliyebaki ni Tufaha peke yake. Hana mama wa kuja kumchukua. Nilipolifikiria hilo moyo ukanichoma, nikakaa kidogo. Kisha nikapanga mazoezi ya kesho.

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba. Ngoma, bendera za kijani, hotuba ndefu. Mawe tumeyaacha nyumbani, kwa ajili ya sherehe.

Kabla ya kuanza Tufaha kaniuliza: mjomba, nikishindwa utanikasirikia? Nikasema ndiyo, ili nimtie moyo.

Akatoka vizuri! Akawaacha wote. Watu wa Cheyo walionisema mumiani wakasimama wakipiga vigelegele, nami nikaanza kuwasamehe. Kwenye kona ya mwisho miguu ikamchanganyikia. Akaenda upande, akaanguka kifudifudi. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Nilimpigia kelele ainuke. Nilipiga kelele sana, kwa sababu niliogopa. Sijawahi kuogopa vile.

Josepha akaruka kamba, akambeba begani, akatoka mbio naye kuelekea hospitali. Kwa kweli alikimbia vizuri sana, na mzigo ule. Nafasi ikipatikana nitamshauri abadili mchezo.

Jumanne, 9 Julai

Wamemwongezea damu. Walitafuta ndugu wa kutoa. Nikajitokeza mbele ya watu wote, nikakunja mkono wa kanzu, nikaiona sindano, nikazimia. Mtu mmoja kwenye foleni akauliza tangu lini mumiani akaogopa sindano. Damu ikatolewa na Zeyana, na Josepha.

Msichana wa mkuki kashinda. Josepha ndiye wa kwenda Dar es Salaam.

Bertila kanivuta pembeni. Hakupiga kelele safari hii. Kasema Tufaha akianguka tena vile, nisimwite yeye, niwaite wachimba kaburi. Niliitikia kwa kichwa. Nililia kidogo nyuma ya hospitali, palipoanikwa mashuka.

Zeyana kaamua, bila kuniuliza, kwamba Tufaha akitoka atakwenda Igalula kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, akale na kupumzika. Nyumba itakuwa kimya.

Jumamosi, 24 Agosti

Naandika nikiwa Igalula, barazani kwa shangazi. Zeyana anajua nimekwenda Usoke kwa kazi za ghala.

Nimemkuta Tufaha uani anatwanga. Sikumtambua! Mashavu yamejaa. Mikono ina nguvu. Alikuwa anacheka na binti wa jirani, na nikagundua nilikuwa nimesahau kicheko chake. Kaacha mchi, akapiga goti, shikamoo mjomba. Marahaba, mwanangu. Shangazi anasema amemlisha dagaa, kunde na maini kila yanapopatikana, hakimbii popote, anabeba kuni na maji tu. Zahanati ya hapa wamempima juzi. Damu imejaa.

Machozi yalinitoka. Ya kweli kabisa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, shangazi akaitikia amina.

Imejaa! Nimekuwa nikilirudia neno hilo tangu nilipomaliza kula. Mimi ni mtu wa ghala. Ghala likijaa, mzigo husafirishwa, hauachwi uoze. Na Desemba kuna mbio za Uhuru, na safari hii Josepha hana mtu mwenye damu mpya.

Nimemwambia shangazi kwamba Zeyana anaumwa na anamhitaji mtoto. Amesikitika, akatufungia karanga za njiani.  Tufaha akaitazama miguu yake, kisha akasema ndiyo, mjomba, akaingia ndani kufunga khanga zake. Mtoto mwenye adabu, sijui kama wako wengine.

Treni ya Tabora inapita kesho asubuhi. Nimekata tiketi moja. Ardhi ya kando ya reli ni ngumu, imenyooka, haina mchanga hata kidogo, na mimi nitakaa dirishani upande huohuo nimwone vizuri.