Sekunde za Kicheko cha Bibi

Jumapili, 8 Juni

Nimeamua. Nitashinda Tuzo ya Taifa ya Ucheshi, daraja la wanafunzi.

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa maktaba ya shule. Mwamuzi atakuja Ijumaa. Kila mshiriki atapewa dakika tatu jukwaani. Kabla ya hapo lazima ajaze kadi ya mashahidi watano aliowachekesha, na kila mmoja alicheka sekunde ngapi. Mshindi wa shule atakwenda kwenye fainali za taifa.

Sababu zangu ni nzito. Ripoti zangu zote ninazo, tangu darasa la kwanza. Ni kumi na tatu. Zote zina neno moja: mtulivu. “Mtoto mtulivu.” “Mtulivu sana.” Ya mwisho, Mwalimu wa Darasa aliongeza “kama kawaida”. Hata kabati ni tulivu! Nataka mtu mmoja tu mwenye kalamu na mamlaka aandike kwamba mimi ni mcheshi. Baada ya hapo nitatulia kwa amani.

Mpinzani wangu ni Kinanda. Tunakaa dawati moja. Anaitwa hivyo kwa meno yake, ambayo huyaonyesha yote kwa pamoja. Nilimwuliza juzi ameandaa nini. Akasema hajaandaa kitu, siku yenyewe itajisemea. Nimemwonea huruma.

Jumatatu, 9 Juni

Kichekesho kimekamilika! Kinahusu mwavuli. Kina utangulizi, kiini na hitimisho, kama tunavyofundishwa. Utangulizi unaeleza mwavuli ni nini na una sehemu kuu ngapi, ili msikilizaji yeyote asiachwe njiani. Panapochekesha ni mwishoni kabisa. Mwisho huo siuandiki hapa. Kinanda ana jicho la pembeni.

Nimemjaribu Mama akiwa anapiga pasi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, enhe, ikawaje? Nikamwambia ndiyo imekwisha. Akasema ni hadithi nzuri, ina mafunzo. Sekunde: sifuri.

Nimemjaribu Baba. Baba ni fundi saa, chumba cha mbele ndicho karakana yake. Alisikiliza huku ameinama, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni. Maoni yake: mpini haukuelezwa vya kutosha. Sekunde: sifuri. Lakini kuhusu mpini ana haki. Nimerekebisha.

Nimemjaribu Bibi. Bibi amecheka! Sekunde nne! Ilikuwa bado niko kwenye utangulizi, kwa hiyo nikamwuliza kimemchekesha nini. Akasema ni hiyo sura yangu, mke mwenzangu umekunja uso kama unasoma wosia. Nimeandika nne. Kadi haiulizi kilichochekesha ni nini.

Jumanne, 10 Juni

Kadi ya Kinanda imejaa. Mama yake mdogo peke yake alicheka sekunde arobaini, ikabidi apewe maji. Mimi nina nne. Za Bibi.

Akili ni nywele. Nilirudi nyumbani nikifikiri.

Baba ana sahani mbili mezani. Ya kushoto ni ya saa zinazosubiri kutengenezwa, ya kulia ni ya saa zilizo tayari. Kwenye ya kushoto palikuwa na saa ya mkononi, mkanda wa kahawia. Niliitegea sikio. Inakwenda kama inafukuzwa na mbwa! Nikailinganisha na ya ukutani. Dakika moja ya ukutani, hii imehesabu mbili.

Nilitafakari sana. Mtu mwaminifu haongezi sekunde. Lakini mtu mwaminifu anaruhusiwa kuchagua saa.

Nikamwendea Bibi, nikamwomba acheke. Akauliza nini. Nikasema chochote. Akacheka kunifurahisha: sekunde kumi na nane. Mama akamcheka Bibi: kumi na moja. Nikaenda kwa fundi viatu wa jirani kumsimulia mwavuli. Bahati mbaya nilikanyaga gundi yake, na nilipogeuka kuondoka nikatoka na ndara ya mteja imeganda chini ya kiatu changu. Fundi akacheka. Mteja mwenye ndara akacheka. Mteja mwingine alikaa chini kwa kucheka. Hawakusikia hata neno moja la mwavuli, ila wametia sahihi wote. Kadi imejaa!

Nyumbani nilikuwa bado naitazama saa, nikasikia Baba anakohoa mlangoni. Nikairudisha haraka. Sahani ya kushoto au ya kulia, sikumbuki. Sahani ni sahani.

Jumatano, 11 Juni

Mwenye ile saa alikuja kuichukua. Baba alikuwa ametoka kununua vipuri, Mama ndiye aliyempa. Ni mrefu, koti la kijivu, uso kama mlango wa benki siku ya Jumapili. Mama alipokuwa anatafuta karatasi ya kuifungia, nilimpa mgeni sehemu mbili za kwanza za mwavuli. Akaniuliza, binti, umemaliza? Nikasema bado. Akasema, basi inatosha. Kuna watu hawakujaliwa kipaji cha kucheka.

Baba aliporudi alitafuta, akainua vitabu, akachungulia chini ya meza. Mama akamwambia mwenyewe keshaichukua. Baba akasema lakini hiyo sijaigusa! Mama akasema ilikuwa sahani ya kulia, mume wangu, na macho ninayo. Wakatazamana. Nilikumbuka kwamba nina hesabu za kufanya.

Alhamisi, 12 Juni

Mazoezi mbele ya kioo, kwa saa ya ukutani: dakika mbili na sekunde hamsini na nane. Sawasawa kabisa. Nitawafikisha kwenye kicheko zikiwa zimebaki sekunde mbili.

Kinanda aliomba kusikia. Nilimpa utangulizi tu. Akanishauri niukate wote, shoga yangu, nianzie mwisho. Wivu mtupu! Hata hivyo mimi si mchoyo. Nilimchorea mpango wa kujiandaa, wenye vichwa vya habari. Akaukunja, akajipepea nao kipindi kizima cha hesabu.

Ijumaa, 13 Juni

Nitaandika yote, kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa. Mwamuzi aliketi mbele, nyuma ya meza yenye kengele. Mrefu. Koti la kijivu. Mkononi, saa yenye mkanda wa kahawia. Nikajiambia labda Baba aliitengeneza. Nikajijibu kwamba aliyetamka “sijaigusa” ni Baba huyo huyo.

Kinanda alitangulia. Alimwigiza Mwalimu Mkuu akitafuta miwani ambayo ameivaa kichwani. Maneno yote hayakufika kumi. Watu walivunjika mbavu. Mwalimu Mkuu mwenyewe alicheka, kisha akajipapasa kichwani. Mwamuzi hakucheka. Alitazama saa, akaandika.

Zamu yangu. Nilianza vizuri sana. Sehemu ya kwanza, kitambaa. Ya pili, vijiti. Ukumbi kimya, kimya cha heshima. Naingia ya tatu, fimbo, mara kengele! Mwamuzi akasema muda umekwisha, asante, teremka.

Nilikataa, kwa adabu. Nilimwambia samahani mheshimiwa, panapochekesha bado hatujafika, ni mbele kidogo. Kuna mtu akapaliwa kule nyuma. Nikaendelea kumweleza kwamba saa yake inakwenda mara mbili, kwa hiyo nina dakika moja na nusu mkononi. Akauliza nimejuaje.

Nimefundishwa kwamba swali hujibiwa kikamilifu. Nikamjibu kikamilifu. Kwamba saa hiyo haijatengenezwa, aliyeihamisha sahani ni mimi. Kwamba nilikuwa naipimia kicheko cha Bibi, ambacho nilikiomba. Kwamba kwa saa iliyo sawa Bibi ana sekunde tisa tu, na kati ya hizo, saba ni za kunihurumia. Kwamba mashahidi watatu walicheka kwa sababu ya ndara, na ndara ilirudishwa, ingawa haikutoka mpaka fundi alipoikata kwa kisu.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sijui walicheka nini. Niligeuka kuangalia kama Kinanda amerudi jukwaani nyuma yangu. Hakuwepo. Nikanyoosha mkono kuomba utulivu ili niendelee na fimbo. Wakazidi! Mwalimu wa Darasa aliegemea bega la Mwalimu wa Hesabu, ambaye hawasalimiani naye. Mwamuzi, yule mlango wa benki, alijifuta machozi kwa tai, akaitazama saa yake, akaitikisa, akaanza tena kucheka. Sijawahi kuona watu wazima wakikosa adabu kiasi hicho.

Walipotulia, mwamuzi alitangaza kwamba kadi yangu ni batili kwa maneno ya kinywa changu mwenyewe. Ushindi ni wa Kinanda. Sawa. Sheria ni sheria.

Ila kilichoniuma ni nje. Mwalimu wa Darasa alinishika mkono, bado anahema, akasema, “Mwanangu, kumbe wewe ni kituko! Hii lazima iingie kwenye ripoti.”

Nilijikaza mpaka nyumbani. Miaka saba ya utulivu, na sasa naandikwa kituko.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi mwamuzi ameleta saa. Baba ameitengeneza hapo hapo, bure, huku akiomba radhi. Kisha akaniita kunikanya. Akaanza na uaminifu wa fundi. Alipofika kwenye ndara, sharubu zikaanza kumtetemeka. Akasema subiri, akatoka uani. Nilimsikia huko na Mama, wanakohoa kwa zamu. Natumaini si kifua. Adhabu: kufuta vumbi saa zote za ukutani mwezi mzima.

Mchana amekuja Kinanda. Kwenye fainali mshindi anaruhusiwa kuchukua mwenzake mmoja. Ananitaka mimi! Anasema nisiandae chochote. Nisimame tu nieleze kitu, yeye atakuwa ananikatiza. Nikamwuliza nieleze nini. Akasema chochote, shoga, hata mwavuli.

Hata mwavuli! Hatimaye amekubali.

Nimekaa nikachunguza kosa la jana, na nimelipata. Haraka. Utangulizi ulikuwa mfupi mno. Watu hawakuandaliwa, ndiyo maana wakaanza kucheka ovyo kabla ya wakati. Nimeuandika upya. Sasa mwavuli una sehemu saba, pana historia fupi ya mvua na mchoro mmoja. Jumla kurasa tisa. Nimemsomea Kinanda zote tisa, kisha nikamwomba, kama dada yangu, siku hiyo asinikatize hata mara moja.

Amecheka mpaka akaketi sakafuni. Maskini. Mtu anayecheka kirahisi namna hii, atajuaje kinachochekesha?