Mafuta ya Gia ni ya Gia

Jumatatu, 4 Machi
Fundi wetu mkongwe amestaafu. Ameiacha mashine yake ya kuchonga chuma, tunayoiita Bibi. Imenizidi umri na bado inakata chuma kama sabuni. Naipenda! Bosi kasema atakayeihudumia vizuri, kuanzia mafuta ya giaboksi, ndiye atakayeiendesha. Tuko wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Kibao chake cha maelekezo ya mafuta kimefutika. Shemeji kasema atachunguza kwanza. Achunguze! Mwenda pole hajikwai, lakini huwakuta wenzake wameshafika.

Jumanne, 5 Machi
Duka la vipuri vya magari. Muuzaji kaniuliza nataka mafuta ya nini. Ya gia, nikamjibu. Akanipa mafuta ya gia. Sasa hapo cha kuchunguza ni nini? Madumu mawili. Moja nimelimimina kimyakimya wenzangu walipokwenda kula. Mafuta mazito, ya heshima. Yananuka kama yai viza, lakini dawa nayo ni chungu.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji hakugusa hata swichi. Alinusa tu. Pua gani ile! Akafungua kifuniko, akanivuta pembeni. Akaniambia kwa upole kwamba baadhi ya gia za Bibi ni za shaba, na mafuta haya ya magari yana salfa inayokula shaba. Tena ni mazito mno. Bibi anataka ya haidroliki, namba 68. Nikabisha kwamba Bibi si katapila, hana haidroliki yoyote. Akasema Bibi hasomi lebo.
Tukayamwaga, tukasuuza mara mbili. Bosi akauliza kulikoni. Shemeji akajibu kwamba tunamwogesha Bibi. Hakunitaja! Nilitaka kulia.

Alhamisi, 7 Machi
Bibi kawashwa. Hangurumi, ananong'ona. Mashine kapewa shemeji, na ni haki yake. Nimepiga makofi mpaka viganja vinauma. Kuanzia leo nachunguza kwanza, kama yeye.

Ijumaa, 8 Machi
Limebaki dumu moja. Cherehani ya mke wangu inalialia. Safari hii nimechunguza: nimenusa, nimefungua kifuniko, nimemulika ndani kwa tochi. Shaba hakuna. Gia zipo!
Nimemimina kwa ukarimu. Mke wangu katoka kununua vifungo vya gauni jeupe la bibi harusi, lililo chini ya sindano. Akirudi, hataamini macho yake.