Hesabu ya Magari Barabara ya Kinu

Jumatatu, 4 Septemba 1995

Nimefungua bucha saa moja. Saa moja u nusu msichana amekuja na kiti, mwavuli na ubao wenye karatasi, akaketi ng'ambo ya barabara, uso kwangu. Hanunui kitu. Anatazama na kuandika. Kanjo, mkaguzi wa baraza la mji! Nimeficha mizani ya zamani chini ya ngozi ya mbuzi na kuvaa koti jeupe.

Hadi saa tatu bado anaandika. Nikashindwa. Mimi nikimwona mtu anaandika kitu nisichokijua, hata nyama haikatiki vizuri. Nimempelekea kikombe cha supu. Anaitwa Lorna Igoki, wa ofisi ya mipango ya baraza la mji. Hana haja na mizani yangu. Anahesabu magari!

Kumbe soko jipya litajengwa kwenye uwanja ulio nyuma yetu. Njia za kufika ni mbili: hii yetu ya Kinu, na ile ya Msikitini ambako Suleiman ana bucha yake. Baraza halijaamua lango liwe upande upi. Soko likifunguliwa, magari yataongezeka mara tatu hapa Embu, na wanataka kujua yatapita wapi. Kwa hiyo wanahesabu siku tano, njia zote mbili.

Nimeelewa papo hapo. Barabara yenye magari mengi ndiyo itakayopewa lango. Mke wangu Jedidah ameuliza kama Lorna alisema hivyo. Hakusema. Lakini mambo mengine mfanyabiashara hujijazia mwenyewe.

Lango hili lazima nilipate. Tangu steji ya matatu ihamishwe, mbuzi mmoja ananikalia siku tatu. Jedidah amenipa hadi sikukuu ya Jamhuri. Wateja wasiporudi tunafunga, tunarudi Kibugu kuchuma majani chai kwa kaka yangu Mutegi. Mutegi! Hukagua kikapu changu kama mwalimu anayekagua kucha, na mimi nina miaka arobaini na sita. Naogopa. Naandika hapa kwa sababu mbele ya Jedidah siwezi kusema.

Jumanne, 5 Septemba

Nimehesabu mwenyewe. Hadi saa sita, magari hamsini na matatu. Mambo ya ajabu! Pikapu ya mikate imepita mara sita na sijaona mkate hata mmoja ukishuka. Gari la mchungaji limepita likipanda mara tatu na halijateremka hata mara moja. Linarudi kwa njia gani? Miaka kumi na mmoja nimesimama mlangoni hapa na sikuwahi kujiuliza.

Nimemuuliza Lorna: gari moja likipita mara mbili, ni moja au mawili? Mawili. Hata dereva akiwa yule yule? Hata akiwa yule yule, amesema, maana barabara haimjui dereva, inajua magurudumu. Nimerudi bucha nikicheka peke yangu.

Shemeji yangu Muchangi ana Datsun kuukuu. Nimemwahidi mutura, utumbo wa mbuzi uliojazwa nyama na kuchomwa. Kuanzia saa saba amezunguka: bucha, kinu, posta, bucha. Mara thelathini na nne. Mara ya ishirini alilalamika kizunguzungu, nikamwambia azunguke kwa upande wa pili. Lorna ameuliza kama yule bwana amepoteza kitu. Nikasema anatafuta nyumba ya mtu.

Jioni nimepita Msikitini kupeleleza. Suleiman ameketi kwenye benchi, anasoma gazeti. Magari tisa kwa saa nzima na hana wasiwasi hata kidogo! Anapanga nini?

Jumatano, 6 Septemba

Malori ya majani chai kutoka Kibugu hupita barabara kuu. Leo nimesimama njia panda nikiwa na koti jeupe, mkono juu. Dereva wa kwanza alidhani mimi ni daktari na kuna ajali. Nikamwambia kuna supu ya bure Barabara ya Kinu. Habari ikaenea. Wamekuja kumi na mmoja!

Wa nane alikuwa amepakia juu sana. Aling'oa kibao cha bucha, na kwa kuwa hakuhisi kitu, kibao kimekwenda naye kiwandani. Supu ilikwisha kabla wateja wa kweli hawajafika. Walikuwa wawili. Jedidah amefagia vipande vya mbao, na nikakaa mbali naye hadi saa kumi.

Lakini Lorna amefungua karatasi ya pili!

Alhamisi, 7 Septemba

Kwenye fomu ya Lorna kuna safu ya mifugo. Niliiona nikimmiminia supu. Leo ni siku ya mnada, na wafugaji wa Mbeere hupanda na mbuzi wao kupitia Msikitini. Basi nimewangoja njiani na ndoo ya magadi. Mbuzi walifuata magadi. Mfugaji wa mbele, mzee Bundi, akafuata mbuzi. Wenzake wanne na makundi yao wakamfuata Bundi. Barabara ya Kinu ikajaa pembe!

Lorna akasimama, akaanza kunyoosha kalamu: mmoja, wawili, watatu. Bundi akasimama pia. Akaniuliza msichana anawafanya nini mbuzi wake. Nikasema anawahesabu. Lahaula! Kwao mifugo haihesabiwi kwa kunyooshewa kidole; ni kuiitia kifo. Mimi mtu wa majani chai ningejulia wapi? Bundi akaketi katikati ya barabara, fimbo magotini, akasema hainuki mpaka hesabu ifutwe. Wenzake wakaketi. Mbuzi wakaingia kwenye bustani ya sukuma wiki ya Jedidah. Datsun ya Muchangi ikakwama, nyuma yake malori ya chai yaliyokuja kutafuta supu, nyuma yake pikapu ya mikate, nyuma yake mchungaji. Honi! Askari wa kanjo akaja kutuondoa, naye akakwama.

Saa mbili nzima. Nilikuwa nimekata tamaa, kisha nikaona Lorna anahesabu foleni. Nikawapelekea madereva maji ili wasigeuze.

Aliyetuokoa ni Jedidah. Alichutama mbele ya Bundi. Hakuuliza mbuzi ni wangapi. Aliuliza ni akina nani. Mzee akamtazama kidogo, kisha akaanza. Yule mwenye sikio lililochanika, binti wa yule mweupe. Yule aliyezaliwa mwaka wa njaa. Yule asiyependa kuvuka maji. Hakuwa na haraka. Alimtaja kila mmoja, na kila mmoja alikuwepo! Nikasahau lango, nikasahau soko, nikasikiliza hadi mwisho. Mtu anaweza kujua mali yake yote bila kujua idadi yake. Mimi najua idadi ya magari yote na sijui hata mchungaji anarudi kwa njia gani.

Lorna amefuta, akaandika makundi matano. Matano! Magadi yote yale kwa ajili ya vitu vitano.

Ijumaa, 8 Septemba

Siku ya mwisho ya hesabu. Suleiman amekuja baada ya swala, kanzu safi. Tumesalimiana kwa muda mrefu: nyumbani, watoto, afya, nyumbani tena. Kisha akaniuliza, jirani, umewahi kumuuliza yule binti barabara ikishajaa inakuwaje? Yeye alimuuliza mhesabuji wa upande wake tangu Jumatatu.

Nimecheka sana. Anataka kunivunja nguvu saa za mwisho! Amesema, "Haya," akaenda zake taratibu. Muchangi amezunguka mara hamsini na nane. Datsun imechemka mara mbili na mutura umekwisha.

Jumatatu, 18 Septemba

Mkutano wa wananchi ukumbini. Nimekaa mstari wa mbele na tai. Injinia wa baraza, bwana Nthiga, amebandika ramani na kusoma. Barabara ya Msikitini, magari mia moja na kidogo kwa siku. Barabara ya Kinu, karibu mia mbili! Watu wakageuka kunitazama. Nikainamisha kichwa kama bwana harusi.

Kisha akasema: kwa hiyo Barabara ya Kinu imejaa, haiwezi kuongezewa magari ya soko. Lango litakuwa upande wa Msikitini, ambako kuna nafasi. Na kwa usalama, Barabara ya Kinu itapigwa marufuku ya kusimamisha gari, nguzo pande zote mbili.

Hakuna gari kusimama. Mbele ya bucha!

Nikainuka kuuliza. Je, kama magari yangekuwa machache? Injinia akafungua karatasi nyingine. Kama yangekuwa kama mwaka jana, amesema, lango lingewekwa Kinu bila shaka, njia ni pana zaidi. Akaonyesha kwa kidole. Kidole kilitua juu ya bucha yangu.

Nimeketi. Jedidah hakunitazama njia nzima. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Jumatano, 20 Septemba

Nimekwenda kukiri. Jedidah amenisindikiza hadi mlango wa ofisi, maana hakuniamini, na akasimama nje kuhakikisha sitoki mapema. Nimemwambia Lorna yote: Datsun, supu, magadi. Hakushangaa. Alijua tangu mzunguko wa tano, lakini kinachopita mbele yake sharti akiandike. Ila pembeni aliandika "ile ile" mara tisini na mbili, na injinia hasomi pembeni, anasoma jumla.

Binti mzuri huyu! Amesema ataomba hesabu irudiwe, siku moja, Jumanne ijayo. Ameniomba jambo moja tu. "Mzee Mwaniki, tafadhali, usifanye kitu. Uza nyama."

Nimemshukuru kwa mikono yote miwili. Magari machache! Hilo ni jambo rahisi kabisa.

Jumanne, 26 Septemba

Sikulala kwa furaha. Ikiwa magari machache ni mazuri, basi yasipokuwepo kabisa? Kabla Lorna hajafika nimeweka matawi na mawe upande wa kinu, na Muchangi ameziba upande wa posta kwa Datsun yake, boneti juu, kana kwamba imekufa. Kila gari linaelekezwa Msikitini.

Saa tatu: sifuri. Saa nne: sifuri. Sijawahi kusikia ndege wakiimba kwenye barabara hii. Kumbe kuna jogoo nyuma ya kinu! Saa tano: sifuri. Lorna hajaandika hata nukta. Ameshika kichwa. Nikadhani ni jua, nikampelekea supu.

Saa nane Injinia Nthiga amekuja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa ameacha gari kwenye mawe yangu. Ametazama juu, ametazama chini. Akauliza ni nani aliyelalamika barabara ilipofungwa. Hakuna. Yupo aliyekosa kufika anakokwenda? Hakuna. Basi, akasema, barabara inayoweza kufungwa kutwa nzima na mtu asilalamike, mji hauihitaji. Soko litachukua eneo lake. Ukuta utapita hapa. Akachora mstari kwenye vumbi kwa kisigino, hatua sita kutoka kaunta yangu.

Nimesimama kwenye ule mstari hadi walipoondoka. Ukuta! Nitayauzia mawe nyama. Nimeumia.

Jumamosi, 30 Septemba

Jedidah amemwandikia Mutegi barua. Ameiacha mezani bila kuifunga ili niisome. Anaomba chumba kimoja na vikapu viwili. Ataiposti Jumanne.

Kwa nini si leo? Kwa sababu Lorna amepita asubuhi. Ametupigania ofisini. Ukuta utajengwa, lakini Jumatatu yeye mwenyewe atahesabu watu wanaopita hapa kwa miguu. Wakiwa wa kiasi, injinia ataacha mlango mdogo ukutani, nao utatazama bucha yetu moja kwa moja. Wakiwa wachache mno, hakuna mlango. Wakizidi, hakuna mlango vilevile, maana watakanyagana. Alinikazia macho aliposema wakizidi. Akasema siku za kawaida wanaopita ni wa kiasi hicho hicho.

Alipoondoka Jedidah amenishika mikono. Hajanishika hivyo tangu mtoto wetu Njura alipolazwa. Amesema yeye pia anaipenda bucha hii, na kwa Mutegi hataki kwenda hata kwa siku moja. Ameniomba nikae kitako. Machozi yamenilengalenga. Nimechukua Biblia na kuapa kwamba Jumatatu sitatoka nyuma ya kaunta, hata nyumba ikiungua.

Nimekaa kitako saa nzima, nimetulia, nina amani. Kisha nikajiuliza: kiasi ni wangapi? Lorna hakutaja. Na ninavyowajua watu wa ofisi, wakisema kiasi wana maana ya wengi wenye nidhamu.

Nimemtuma Muchangi kwa kiongozi wa kwaya. Wamekubali kufanyia mazoezi Barabara ya Kinu Jumatatu, kuanzia saa mbili, watu sitini, wakienda na kurudi. Mimi nitakuwa nyuma ya kaunta, kama nilivyoapa.