Mishale Minne kwenye Ramani ya Hatari

Jumatatu, 12 Januari
Kamati ya kartiye, mtaa wetu huu, imebandika ramani ya hatari kwenye ukuta wa kanisa. Mvua zimezidi, na mto wetu wa chini umejaa udongo wa wachimbaji. Anatafutwa mtu wa kushika kipaza sauti siku maji yakipanda. Kipaza sauti! Chenye mkanda wa kuvaa begani! Mtu huyo ni mi, Stany. Fidélie, mke wangu, ameuliza kama nimeisoma ramani yenyewe. Kusoma nini? Ni picha tu.

Jumatano, 14 Januari
Wamemchagua Mama Yolande, yule anayeshona nguo karibu na soko. Eti aliuliza maana ya kila alama mpaka watu wa kamati wakakauka koo. Kuuliza! Mi nilizieleza zote bila kuuliza hata moja.
Nimefungua masomo yangu mwenyewe penye pompi ya maji, waone nani anafaa. Nimefundisha hivi: tone la buluu ni bomba la maji. Watu waliozungukwa na mishale minne wamezingirwa na majambazi, msiende huko kabisa. Rangi ya njano ni jua, hali nzuri. Wanafunzi wawili. Mmoja alikuwa anangoja ndoo yake ijae.

Alhamisi, 15 Januari
Asubuhi Mama Yolande amepandisha kitambaa cha njano kanisani. Nimemwambia Fidélie aanike mihogo haraka. Ameanika. Saa sita, mvua! Mihogo imekwenda na maji.
Mama Yolande amepita nyumba kwa nyumba, amelowa chepechepe, akieleza polepole: njano, kaa macho, rangi ya chungwa, funga vitu na watoe wazee, nyekundu, acha vyote utoke. Anaeleza vizuri, mwanamke huyu. Sijamwambia. Jioni chungwa imepanda. Fidélie amemfuata pamoja na bibi Mujinga, jirani yetu. Mi nimebaki kulinda godoro.

Ijumaa, 16 Januari
Nyekundu! Kartiye nzima imepanda kuelekea kwenye mishale minne. Wajinga! Nimejitwika godoro, nikashuka kwenye tone la buluu, mbali na majambazi.
Maji magotini. Maji kiunoni. Godoro limekunywa maji kuliko ng'ombe. Nimekumbatia nguzo ya uzio, nikamwita Mungu, kisha mama yangu.
Ndipo sauti ya Mama Yolande kutoka juu: "Tata Stany! Acha godoro! Shika nguzo tu, mi nakuya!"
Akashuka, kamba kiunoni, wanaume wakiishika kwa juu. Akanishika kwapani. Wakatuvuta sisi wote wawili mpaka juu.
Kumbe mishale minne ni mahali pa kukusanyika! Na tone ni mafuriko! Huko juu nimewakuta wote, hata bibi Mujinga, ambaye Mama Yolande alimbeba mgongoni. Fidélie amenipiga kofi la bega, kisha akanikumbatia, akakataa kuniachia. Mto umebomoa nyumba kadhaa. Mtu haukuchukua hata mmoja.

Jumapili, 18 Januari
Maji yameshuka. Kanisani watu wamempigia Mama Yolande makofi, mi nimepiga mpaka mikono inawaka. Hakunicheka hata kidogo. Amesema picha ambayo mtu mzima anaweza kuikosea inahitaji maneno, akaniomba nimsaidie kuyaandika chini ya kila alama. Nimeandika yote kama alivyotaja. Mwanamke gani huyu! Ningekuwa na kofia, ningemvulia.
Tukirudi, nimeona alama mpya kwenye mlango wa kibanda cha umeme: pembetatu ya njano, radi, na mtu amelala chali. Hapa hakuna haja ya kumsumbua Mama Yolande. Iko wazi: umeme ni mwingi, unachomeka simu, unajilaza ukingoja ijae. Nimemwambia Fidélie alete waya. Ametoka mbio, akipiga kelele. Kumbe na yeye amefurahi!