Samli, Senene na Moyo Wangu

S.L.P. Nshamba,
Novemba 12, 1973

Ndugu Mhariri,

Baada ya salamu za ujenzi wa taifa, nakuletea shauri la moyo wangu. Mganga msaidizi wa zahanati yetu, Ndugu Bartholomayo, aliusikiliza akasema mafuta yanaganda kwenye mishipa yangu kama samli asubuhi ya mvua. Tangu Juni mke wangu Theopista ananipikia ndizi na maharage kwa maji matupu. Sasa senene, wale panzi wetu wa msimu wa mvua, wameanza kuanguka, nami nimekatazwa hata hao. Napinga kama ifuatavyo:

1. Ndugu Bartholomayo ni mwembamba kama mpini wa jembe. Mtu ambaye hajawahi kuwa na mafuta ameyajulia wapi?

2. Lori la ushirika lilipokosa grisi lilikufa hapa Nshamba, kahawa yetu ikanyeshewa. Moyo nao ni mashine.

3. Tumeambiwa tujitegemee. Senene hatiliwi mafuta. Hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe. Nionyeshe mjamaa anayemzidi!

4. Marehemu kaka yangu Anatory alikula samli kila siku na hakuugua hata mara moja, mpaka asubuhi ile alipoanguka kwenye kilima cha posta, akiwa na miaka arobaini na sita. Mimi natimiza arobaini na sita Januari. Sioni uhusiano.

5. Tangu enzi za mababu senene ni chakula cha wanaume. Mwanamke huwakamata, huwakaanga, akampa mumewe. Juzi Theopista alikula sahani yangu nzima mbele ya macho yangu. Nilipolalamika akanijibu: "Baba Joviana, si wewe uliyehutubia mkutanoni kwamba binadamu wote ni sawa? Kunywa uji wako."

Kwa hiyo naitaka serikali ichague: inirudishie samli yangu, au iutaifishe moyo huu, iulishe yenyewe na iubebe yenyewe kupanda vilima.

Wasalimie wapiga chapa wote, na wanaokula nyama ya mafuta waambie wanikumbuke.

Wako katika mapambano,
Rwegasira

N.B. Usiichape barua hii. Naandika haya kwenye kaunta ya posta. Nimekuja kwa miguu. Mwaka jana kilima hiki kilinipumzisha mara tano. Leo nimesimama mara moja tu, pale alipoangukia Anatory, na si kwa kukosa pumzi. Senene waliobaki awale Theopista. Lakini asijue kwamba ni mimi niliyesema.