Taa ya Bafuni kwa Heshima ya Mama Mkwe

Jumanne, 1 Julai 1952
Justa bado yuko kwao Tinde. Mke gani anamkimbia mumewe kwa sababu ya chura? Alioga gizani, akamkanyaga, akafunga mizigo. Ameagiza kwamba harudi mpaka bafu liwe na taa. Jumamosi wazazi wake wanamleta ili waikague nyumba. Wasiporidhika, wanaondoka naye.

Nyumba zetu hizi za mgodini zina taa moja moja, sebuleni. Jirani yangu Donatus, karani mwenzangu, kaihamishia yake barazani, na sasa kila jioni watu wanajazana kwake kama kuna harusi. Mimi yangu naihamishia bafuni! Geita nzima hakuna bafu lenye taa.

Jumatano, 2 Julai
Bafu jipya limesimama. Matete safi kutoka ziwani, marefu kunipita. Donatus kapita, akanishauri nikandike udongo kwanza. Wivu mtupu! Waya nimeutoa darini, ukapita dirishani, juu ya kamba ya nguo, hadi bafuni. Haukutosha kuzungukia kwenye swichi, kwa hiyo swichi nimeiruka. Imebaki ukutani haina kazi. Inapendeza hata hivyo.

Alhamisi, 3 Julai
Lo! Salale! Nilikuwa nakaza globu, mikono imelowa, nikasahau kwamba injini ya umeme ya mgodi huwashwa saa moja jioni. Ikawashwa. Nikarushwa hadi kwenye pipa la maji. Meno yaligongana, nyayo zikawaka moto, nikasema maneno ambayo padri hajawahi kuyasikia. Donatus alikuja mbio, akauliza kama nimekufa. Nikamjibu kwamba najaribu mitambo.

Lakini taa inawaka!

Jumamosi, 5 Julai
Wamefika. Mimi ni mkwe mwenye adabu: mama mkwe simtazami usoni, naye hanitazami. Mchana kutwa nimejibanza nyuma ya mlango, salamu zangu zikapelekwa na Justa. Baba mkwe, Mzee Bujiku, alilikagua bafu, akalitikisa, akasema kijana anajitahidi. Nusura nilie kwa furaha. Justa akatabasamu, akaanza kufungua mizigo.

Jioni mama mkwe akaenda kuoga, mwanga wa jua ukiwa haujaisha. Mimi na mzee tukakaa uani, tunaongea habari za ng'ombe. Giza likaingia. Mama bado anajimwagia maji. Injini ikanguruma.

Mungu wangu! Matete yote yakawa kama chandarua! Mama mkwe mzima mzima, povu kichwani, anaonekana kutoka uani, kutoka barabarani, kutoka barazani kwa Donatus ambako watu wote walisimama. Nilifumba macho, ila nilichelewa. Yeye akapiga yowe kwa Kisukuma, akimwita mama yake, "Mayu wane!" Mzee Bujiku akanifokea nizime. Nikakimbilia swichi. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Ndipo nikakumbuka.

Jumapili, 6 Julai
Wameondoka alfajiri, Justa pamoja nao. Hakuniaga. Mzee ameacha neno: nitoe ng'ombe wa kufuta aibu, na binti yake hakanyagi hapa mpaka nitengeneze nilichoharibu. Mama mkwe alipita kajifunika shuka mbili, kichwa mpaka miguu. Nimekaa kitandani, upande wa Justa, nikalia kidogo. Kwa Donatus walikuwa wanacheka tangu asubuhi.

Jumatatu, 7 Julai
Nimeamka nimelijua kosa! Si matete, kama Donatus anavyomweleza kila mpita njia. Kosa ni swichi. Leo nimeongeza waya, nimeiunga, inawasha na kuzima vizuri ajabu. Nimepeleka habari Tinde kwamba nimetengeneza, waje wote tena.

Swichi yenyewe nimeifunga uani, kando ya kiti changu, ili mama mkwe asihangaike. Akishavua nguo, ataniita tu, nami nitamwashia.